Pugi Juu ya Jiko la Juliana

Igowole, Mufindi
9 Machi 2024

Dada Mwanakhamisi,

Kamwene. Fungua bahasha hii taratibu, ndani utakuta manyoya matatu. Usiyapulize, na usimwache mteja yeyote wa maharage ayashike. Nimeyaokota nyuma ya jiko langu baada ya paka wa jirani kumkosakosa ndege, na nikikwambia nyumba yangu sasa hivi inategemea manyoya hayo, sitanii.

Najua utasema si ungepiga simu. Manyoya hayapiti kwenye simu, mwenzangu. Picha niliyopiga kwa hii simu yenye kioo kilichopasuka imetoka tope tupu. Halafu simu yangu inaazimwa na ukoo mzima, na haya ninayokuandikia si ya ukoo mzima.

Iko hivi. Lile jiko langu la nje, mkarakara umetambaa mpaka juu ya bati. Mwezi uliopita ndege mdogo, mfano wa njiwa lakini anajaa kiganja tu, akaja na vijiti vyake akajenga humo. Kiota chenyewe cha ovyo, ukisimama chini unayaona mayai katikati ya vijiti. Mimi nikafurahi. Tangu Kasian wangu afariki Agosti ile, boma lilikuwa kimya mno. Nikahamia kupikia ndani ili moshi usimsumbue mgeni.

Basi shemeji Ambrosi, mdogo wake Kasian, akaja kuazima panga. Ndege akalia. Ambrosi akasimama palepale, rangi ikamtoka. Akasema, "Shemeji, huyo ni pugi. Analia msiba." Akaondoka na panga hakuchukua.

Sasa nikueleze mila ya hawa watu niliokuja kuolewa kwao, maana Kasian mwenyewe alinificha. Ukoo wa Kalinga wanasema pugi akitaga kwenye boma lililofiwa, mwaka haujaisha, basi anahesabu waliobaki. Nyumba inabomolewa. Mwenye nyumba anahamia kwa ndugu wa marehemu, na pale hapajengwi tena milele. Usifikiri ni maneno tu, walishabomoa. Kikao kimepangwa Jumatatu ya Pasaka, uani kwangu hapahapa, na vijana wameambiwa waje na mitaimbo.

Nyumba hii Kasian alipostaafu kazi ya mbao tulirudi tukaifyatulia matofali wenyewe, yeye na mimi na mgongo wangu huu. Leo niambiwe nitoke kwa sababu ya ndege? Watoto wangu huko waliko wananiambia mama toka tu, usigombane na watu. Nimewaambia sijagombana na mtu, ila sitoki.

Baba yako alikuwa mtega ndege. Kule veranda ya hospitali, tulipokuwa tunauguza, mimi mume wangu na wewe mama yako, ulikuwa unanitajia kila kinachoruka mpaka nikakwambia ulale. Haya, sasa nataja mimi kwamba nakuhitaji. Huyu ni nani? Nataka nikisimama mbele yao niwe najua ninachosema.

Wako,
Juliana


Mwanjelwa, Mbeya
14 Machi 2024

Shoga yangu Juliana,

Kamwene na wewe. Mwenzio nimefunga, koo limenikauka, halafu unaniletea manyoya yananuka dagaa! Yule Clement kondakta wa basi bahasha yako aliitumbukiza kwenye tenga la dagaa la watu, ikafika imelowa. Nimemtukana mpaka nikakumbuka ni Ramadhani, nikaomba toba, nikamalizia kimoyomoyo.

Kwa hiyo manyoya mawili yamekatika na la tatu limeshikana kama uzi. Nimeona weusi na kahawia basi. Lakini usihofu, ndege hatambuliwi kwa nyoya peke yake. Marehemu baba yangu, Mzee Abdulkarim, alikuwa anasema nguo anaweza kuazima yeyote, mwendo hauazimwi. Nieleze mwendo wake.

Ninayemjua mimi ni pugi wa Usangu, kule tambarare, baba alikokuwa akitegea. Huyo ndiye anayesemwa kila mahali kuwa analia amefiwa na mama, amefiwa na baba, amebaki yeye. Sikiliza alivyo. Kifua chake kina wekundu uliochujuka, kama kanga iliyofuliwa sana. Bawani ana madoa ya kijani, kijani hasa, yanametameta kama mgongo wa mbawakawa. Anapenda nchi ya joto, miiba na vumbi, anaokota vimbegu vya majani barabarani. Sauti yake inaanza kwa kusitasita, halafu inashuka, inashuka, inaishia chini kama mtu aliyekata tamaa.

Wako je? Tumbo lake rangi gani? Anakula nini? Akishtuka anaruka juu au anaambaa chini? Anaimbia wapi, peupe au kichakani? Mtazame, Juliana, usimsikilize tu. Watu wote wanaoogopa ndege ni watu wa kusikiliza.

Na sasa niseme langu. Hao wakwe zako mimi sikuwapenda toka kule hospitalini. Wiki zote zile tulizolala chini kwenye mkeka mmoja, nani alikuja kukupokea zamu? Walikuja siku ya kuchukua mwili, tena wakiwa wamevaa vizuri. Leo ndio wanajua kuhesabu waliobaki! Nyumba yangu ya Iyunga unaijua, tangu binti yangu Hanifa aolewe chumba chake kipo tupu, kitanda kimetandikwa. Hapa hakuna baridi hiyo ya kwenu ya kukata masikio. Njoo tukae, tuuze maharage, tucheke.

Lakini najua utaniambia hutoki. Haya, mtazame ndege.

Mwanakhamisi binti Abdulkarim


Igowole
19 Machi 2024

Dada Mwana,

Nimemtazama. Jirani zangu wananiona nimekaa kwenye kigoda nyuma ya choo asubuhi nzima wanadhani msiba umenirudia upya. Waache wadhani.

Tumbo lake ni jeupe. Jeupe kabisa, na uso pia, kuna weupe juu ya jicho kama nyusi za mzee. Mgongoni ni kahawia. Ukimwona kwa mbele utasema amevaa kanzu akatupia koti. Bawani ana madoa kweli, lakini ni meusi, jua likimpiga sawasawa yanatoa bluu kidogo. Kijani sijaona. Jike lake kifua kina ukungu, si cheupe kama cha dume, na wanapokezana kuatamia bila kugombana, mambo ambayo hapa kwetu sijayaona kwa binadamu.

Chakula chake usicheke. Nyuma ya choo kuna minyonyo imejiotea, na yeye anashuka pale kuokota mbegu za nyonyo. Zilezile tunazowakataza watoto. Anatembea chini huku kichwa kinakwenda mbele nyuma, mbele nyuma, na nikikohoa anaondoka kwa kishindo akiambaa chini kuelekea msituni kule korongoni. Akifungua bawa unaona wekundu wa kutu ndani. Kuimba anaimbia humo humo kwenye giza la miti, hajitokezi. Anaanza polepole, halafu anaongeza kasi, anaongeza, mpaka anakatika. Hashuki. Mimi nasikia mtu anayebisha hodi na hafunguliwi.

Juzi shangazi Anjela aliletwa. Ni dada wa baba mkwe wangu, ndiye mwenye mila, wote waliobaki wameisikia kwake. Nikamkalisha jikoni ndani, nikamwekea chai, nikamuuliza, shangazi, huyo pugi wenu wa mwiko yukoje? Akanijibu bila kufikiri: ana kijani bawani, na analia kwa kushuka. Nikamuuliza aliona wapi. Akasema alionyeshwa na mama yake akiwa msichana mdogo kule chini Pawaga, kwenye joto, kabla ukoo haujapanda huku milimani. Na huku je, umemwona? Akasema macho yake hayaoni mbali siku nyingi, anajua kwa kusikia.

Umeelewa nilivyoelewa? Mwiko ulipanda mlima. Je, ndege alipanda nao?

Kuna kingine nimekipata na kimeniuma. Unakumbuka nilikusimulia habari za Joyness, mke wa Ambrosi, kwamba alikuwa mkorofi akaacha ndoa? Alipoondoka, sisi tulikuwa bado Mafinga na Kasian aliniambia hivyo. Uongo. Mama mkwe alipofariki, pugi alitaga kwenye ua mbele ya nyumba ya Ambrosi. Nyumba mpya, bati linang'aa, aliijenga kwa mikono yake. Joyness akakaa mlangoni na mtoto mgongoni akasema huyu ni ndege tu, yeye hatoki. Ambrosi akapanda mwenyewe juu akaanza kung'oa bati huku mkewe yumo ndani, watu wote wanatazama. Joyness akatoka, akashika njia ya kwao Makambako, hajarudi mpaka leo. Ambrosi anaishi kwenye chumba cha kupanga hapo senta. Nilikuwa simpendi huyu mtu. Sasa sijui.

Niandikie haraka. Pasaka ndiyo hiyo.

Juliana


Mwanjelwa
23 Machi 2024

Juliana,

Nimeyasafisha manyoya kwa maji ya uvuguvugu, nikayaanika, nikayatazama juani. Nina uhakika. Kuna kijani. Ni yeye, pugi wa Usangu na wa Pawaga, huyo huyo wanayemsema.

Usiende kubishana nao, utaaibika bure. Chukua nguo zako na ile picha ya Kasian, panda basi kabla ya Jumatatu. Nitakuja kukupokea stendi. Chumba nimekipaka rangi.

Mwanakhamisi


Igowole
26 Machi 2024

Mwanakhamisi,

Leo sikusalimu.

Barua yako nimeisoma nikaitafuta sauti yako humo nisiione. Wewe, mtu wa kuandika kurasa nzima juu ya dagaa, unaniletea vimistari vile vya karani? Hujaniuliza habari za nyonyo. Hujasema lolote juu ya tumbo jeupe. Hujamcheka hata Clement.

Nikachukua barua yako ya kwanza nikaiweka ubavuni mwa hii. Ni wewe uliyeandika kwamba wa Usangu ana wekundu kifuani. Ni wewe uliyesema sauti yake inashuka. Wangu ni mweupe na hashuki. Jana limedondoka nyoya lingine, lipo hapa mezani, kavu, safi, halijapita kwenye tenga la mtu. Nimeligeuza juani mpaka shingo imeniuma. Kijani ulichokiona wewe umekitoa wapi, kwenye rangi uliyopakia chumba?

Umenidanganya. Unajua na mimi najua. Wakwe zangu angalau wanaogopa kweli, usiku hawalali. Wewe umechukua hofu yao ukaitumia kunivuta kama mbuzi. Nimewaza usiku kucha kwa nini, na sipendi majibu ninayopata.

Sasa nisikilize vizuri, na hili nitawaambia na wao. Nilikuwa nakuuliza ndege ili nishinde kikao. Tangu jana siulizi tena kwa ajili hiyo. Hata angekuwa ni yeye, na kijani chake chote, na akanilia juu ya kichwa asubuhi na jioni, sitoki! Kasian hakuuawa na ndege, aliuawa na figo, wewe ulikuwepo, ulinishikia taa. Nikifa humu nitakufa humu. Nikitoka nitatoka kwa kutaka mwenyewe, si kwa kutishwa na Ambrosi na si kwa kudanganywa na rafiki.

Kama una ukweli, uandike. Kama huna, niache.

Juliana


Mwanjelwa
28 Machi 2024

Juliana,

Usiponisalimu wewe nitakusalimu mimi. Kamwene.

Ndiyo, nimesema uongo. Umefurahi? Na nakwambia wazi, ingekuwa hukunikamata ningeendelea nao mpaka ungeshuka basi hapa stendi na begi lako, halafu ungenitukana ukiwa umeshafika. Sikuombi radhi kwa kutaka uishi. Nakuomba radhi kwa kukufanya mjinga, maana si mjinga, na hilo nilijua nikiandika. Ndiyo maana barua ilikuwa fupi. Mkono ulikataa.

Unataka kujua kwa nini. Kwa sababu nikifunga duka nikifika Iyunga naongea na jiko. Naweka sufuria ya watu wanne, nakula mwenyewe daku na futari. Kule hospitalini tulikuwa na dhiki isiyosemeka, na Mungu anisamehe, sijawahi kuwa na mtu wa kuongea naye kama nilivyokuwa kwenye ule mkeka. Mama alipofariki wewe ulikuwa ushaondoka. Basi. Hayo ndiyo majibu, kama uliyoyapata usiku yalikuwa mengine, yatupe.

Sasa ukweli, na huu ni wa kuapia. Nilipofika kwenye nyonyo nilijua. Ndege wako ni pugi wa msituni, wa tumbo jeupe. Baba alikuwa akimpata akipanda safu za Rungwe na Uporoto, kwenye miti ya baridi, na alikuwa akimtega kwa mbegu za nyonyo, kwa kuwa hakuna pugi mwingine anayezipenda hivyo. Wa tambarare na wa msituni ni ndugu, wanafanana ukubwa na wote wana ule wekundu wa kutu bawani. Sauti zao ndizo zinazoponza watu. Mtu aliyezoea wa bondeni akipanda mlimani akamsikia huyu, anasema ni yeye, hana sababu ya kutazama. Wakwe zako waliacha ndege kule Pawaga wakaja kumwogopa wa kwenu.

Humu kuna kifurushi cha gazeti. Ndani ni bawa la wa bondeni. Nimempata kwa Ezron, anayeniletea mchele toka Igurusi. Ndege alikuwa amenasa kwenye wavu wa mpunga akafa. Safari hii Clement ameshika kifurushi mkononi, nimemwapisha. Liweke ubavuni mwa nyoya lako, hata kipofu ataona.

Ila ngoja kidogo, shoga. Nimefunga kifurushi nikakifungua tena mara mbili. Ukilitoa bawa hili kikaoni, unamwambia Ambrosi nini? Unamwambia aling'oa bati juu ya kichwa cha mkewe kwa ajili ya ndege asiye yeye. Mimi simpendi, lakini hilo ni jambo la kumtoa mtu akili. Kama unaweza kuwashinda bila bawa, washinde bila bawa. Kama huwezi, litoe, wala usitetemeke.

Chumba nitaacha kimepakwa. Hakikuulizi chochote.

Mwanakhamisi


Igowole
3 Aprili 2024

Dada Mwana,

Nimekusamehe toka Ijumaa Kuu, sikupata tu wa kumpa barua. Na ole wako urudie.

Kikao kilikaa. Walikuja wengi, wengine hata wa ukoo sio, wamekuja kuangalia nyumba ikianguka. Mitaimbo ikaegeshwa kwenye mkarakara wangu. Shangazi Anjela akapewa kiti, mimi nikakaa kizingitini, mlango wazi nyuma yangu, bawa nimelifunga kwenye ncha ya kitenge.

Ambrosi akaongea vizuri, nisimsingizie. Akasema hawanifukuzi, wananiokoa. Akasema atanijengea chumba. Nikasimama nikawaambia: kabla ya ndege, mimi. Sitoki. Awe yeye, asiwe yeye, sitoki. Mkitaka bomoeni nikiwa ndani, na msitegemee nitashika njia kama Joyness alivyoshika, mimi sina tena kwetu pa kurudi.

Jina la Joyness lilipotoka, wote wakanigeukia. Halikuwa limetajwa miaka. Nilitaka kuishia hapo, nakuapia. Nilitaka kushinda bila bawa. Lakini Ambrosi akapandisha sauti, "Ni yule yule aliyelia kwangu! Sauti naijua! Nimepoteza nyumba, nimepoteza mke na mtoto kwa kutii, na wewe ni nani usitii?" Vijana wakainuka. Basi nikakifungua kitenge.

Nikamwekea shangazi bawa mapajani, na nyoya langu pembeni yake. Nikamwambia, shangazi, geuzia juani. Akaliinua mpaka karibu liguse jicho. Akasema, "Huyu. Huyu ndiye mama alinionyesha." Akalishika nyoya langu, akalitazama muda mrefu zaidi. Akasema, "Huyu simjui." Nikamuuliza mbele ya wote, shangazi, tangu mpande huku mmewahi kumwona wa kijani, kumwona kwa macho? Bibi wa watu akaanza kulia. Akasema hapana.

Sikufurahi, Mwana. Nilidhani nitafurahi.

Ambrosi akasema polepole, "Basi yule wangu alikuwa yupi?" Wote wakatazama chini, wananisubiri mimi. Nikamwambia, alikuwa kama huyu, shemeji. Huku hakuna mwingine.

Akapiga kelele kwamba tumemroga shangazi, kwamba bawa limetoka kwa Waswahili wa Mbeya, bomoeni. Hakuna kijana aliyeinua chuma. Akachukua mtaimbo mwenyewe akaupiga ukuta pale chini ya dirisha, tofali likapasuka, pugi akatoka kwenye kiota akaambaa kwenda korongoni. Mimi nikarudi kukaa kizingitini. Alinikuta hapo alipogeuka, nimekaa mlangoni, namtazama. Sijui aliona nini. Mtaimbo ukamdondoka mguuni karibu umvunje vidole. Akasema atarudi Jumapili peke yake aimalize kazi, akaondoka.

Makinda yametoka, ni mawili, mabaya sana kwa sura. Mama yao alirudi jioni. Mimi nipo. Jumapili atanikuta hapa hapa.

Juliana


Igowole
8 Aprili 2024

Kwa Bi. Mwanakhamisi, Mwanjelwa,

Salamu nyingi. Mimi ni Ambrosi Kalinga, shemeji yake Juliana. Hunifahamu ila kwa ubaya. Anwani nimeiomba kwake, barua hakuiona.

Nakuarifu kwamba jana Jumapili nilikwenda pale nyumbani kwa marehemu kaka yangu. Sikwenda na mtaimbo. Nilikwenda na tofali moja na udongo kwenye ndoo, nikaziba pale nilipopiga. Shemeji alinipa uji, nikanywa nimesimama. Ukoo nimewaambia kwamba nyumba ile haitaguswa nikiwa hai, na shangazi naye amesema hivyo. Hilo limekwisha.

Sasa nina shida yangu. Naambiwa baba yako alikuwa fundi wa kutega ndege na wewe unajua. Yule wa kwangu, miaka saba iliyopita, mimi sikumtazama. Nilisikia tu, nikapanda juu ya paa. Inawezekana alikuwa yule wa kijani? Inawezekana alipotea akapanda milima, ndege wanapotea. Shemeji anasema haiwezekani lakini yeye si mtaalamu. Ninaomba wewe uniandikie hivyo kwa mkono wako, kwamba yule alikuwa wa kijani. Ni mstari mmoja tu. Mtoto wangu sasa anasoma Makambako na akinipita barabarani sitamjua. Ninahitaji kuwa nao huo mstari.

Wako mtiifu,
Ambrosi Kalinga


Mwanjelwa
12 Aprili 2024

Ambrosi,

Sikukuu imepita, nimefungua duka, barua yako nimeisoma nimesimama. Nikahudumia watu, nikaisoma tena.

Hujui umemwomba nani. Mwezi uliopita tu ningekuandikia huo mstari, tena ningekupambia, ningekuchorea na madoa yenyewe. Mimi nadanganya watu ninaowaonea huruma, ni tabia yangu, na huruma kwako ninayo, ingawa sikuitegemea. Lakini shemeji yako alinirudishia uongo wangu usoni, na tangu hapo sitaki kumfanyia mtu mwingine vile.

Hakuwa wa kijani. Alikuwa wa tumbo jeupe, wa msitu wenu huo huo, amekuja kutafuta nyonyo na mahali pa kutaga. Nyumba yako uliibomoa bure. Joyness alisema kweli pale mlangoni, na wewe ulikuwa juu unang'oa bati. Pole sana, kaka yangu. Nasema pole, na sifuti neno hata moja.

Barua nyingine usiniandikie mimi. Makambako si mbali. Nenda mwenyewe, bila mshenga, bila shangazi. Usianze kwa kumwomba arudi, wala usianze na mtoto. Anza kwa kumwambia kwamba alikuwa amesema kweli. Mwambie mlangoni kwao, kwa sauti, majirani wakisikia, kama walivyokuwepo siku ile. Akikufukuza, ondoka. Kesho yake rudi umwambie tena.

Mwanakhamisi binti Abdulkarim